Mwanamke wa gauni jeusi: wote wanaongelea kamba ya bega, mi naomba tuangalie sikio

Mpambaji wa Ngamiani

Habari za jioni wadau. Mimi ni mpambaji wa maharusi, mwaka wa 11 huu, na humu huwa nasoma tu sijawahi kuanzisha uzi. Ila kuna picha imenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, nyumbani wameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo nawaletea nyie.

Ilianza hivi. Mteja wangu mmoja anaolewa, kaja saluni kanipa simu yake, "dada nataka gauni la sendofu kama hili na uso nao uwe hivi hivi". Kuangalia, kumbe siyo picha ya kamera, ni ya kuchora kwa rangi za mafuta. Mwanamke kasimama kwenye chumba cha kahawia hakina kitu zaidi ya meza ndogo ya duara. Gauni jeusi mpaka chini, kifua na mabega wazi, mkono wa kulia kauegemeza mezani huku kaupinda, wa kushoto kashika kipepeo cha kujipepea kilichofungwa pamoja na upinde wa gauni, na uso kaugeuza pembeni kabisa, yani hakutazami hata kidogo. Shingoni hana mkufu, hana hereni, hana bangili. Ana pete ya ndoa tu na kijimwezi kinachong'aa kwenye nywele, basi.

Picha inajulikana kama Madame X. Kaichora John Singer Sargent, mtoto wa Kimarekani aliyezaliwa Florence, Italia, mwaka 1856, akasomea uchoraji Paris kwa Carolus-Duran. Ilionyeshwa Paris mwaka 1884 na leo iko Metropolitan Museum pale New York. Mwanamke mwenyewe jina lake Virginie Amélie Avegno, akiolewa akawa Madame Gautreau. Kazaliwa New Orleans mwaka 1859, baba yake alikuwa meja upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akafa kutokana na mapigano ya Shiloh mwaka 1862, mtoto ana miaka mitatu tu. Mwaka 1867 mama akamchukua wakahamia Paris. Kaja kuolewa na Pierre Gautreau, mtu wa benki, kamzidi umri sana. Na Paris ikamjua. Alikuwa anaandikwa magazetini kwa uzuri tu, hakuwa mwigizaji wala mwimbaji, kazi yake ilikuwa kutokea mahali na watu wageuke.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Nikaikuza ile picha kwa vidole, kama ninavyofanya kwa kila picha mteja anayoniletea maana lazima nijue rangi ya ngozi inaanzia wapi na inaishia wapi. Uso mweupe, lakini weupe wake wa ajabu, una kama zambarau kwa mbali, kama ua la lavenda lililokauka. Shingo hivyo hivyo, kifua hivyo hivyo, mikono mpaka kwenye vidole rangi moja. Nikasema huyu kapaka mwili mzima na kapaka vizuri, hakuna mstari kidevuni. Halafu nikafika kwenye sikio.

Sikio ni jekundu. Jekundu la damu, sikio la mtu aliye hai. Nilikaa nalitazama mpaka mteja akaniuliza dada vipi.

Wapambaji wenzangu watanielewa hapo. Sikio ndilo linalosema ukweli wa uso. Mwaka juzi nilimpamba bi harusi mmoja, uso ukatoka umetulia kabisa, faundesheni imeshika, nikasahau masikio. Ukumbini hakuna aliyeona. Picha zilipotoka, kila aliyopigwa ubavuni unaona uso una rangi yake na sikio lina rangi yake, kama vya watu wawili. Mama mzazi alinipigia simu na sikuwa na la kumjibu, nikarudisha nusu ya hela. Tangu siku hiyo masikio ndiyo naanza nayo.

Sargent kukaa na mtu mbele yake wiki baada ya wiki halafu akosee sikio, hapana, yule aliliona na akaamua kuliacha. Kuna barua aliandika akiwa anafanya kazi hii, kwa rafiki yake mwandishi Vernon Lee, anamuuliza unawachukia watu waliojipaka mpaka wakawa rangi moja ya lavenda au ya karatasi ya kukaushia wino mwili mzima? Kama unawachukia, basi huyu ninayemchora hutampenda. Ila ana mistari mizuri mno ya mwili, na hiyo rangi nayo, akaifananisha na kidonge cha kumung'unya cha dawa ya koo, kama yenyewe ni nzuri basi mi naridhika.

Kwa hiyo alikuwa anachora poda, na alijua anachora poda. Msimamo wangu ndio huo: kilichowaudhi watu wa Paris ni kuonyeshwa kazi ya urembo wazi wazi, na sikio ndilo shahidi. Kamba ya bega ilikuja kubebeshwa mzigo wote baadaye. Naomba maoni yenu.

Mwana wa Mtaa

Dada uzi umetulia, ila umerukia sikio wakati wengine hata kamba hatuijui. Kamba gani hiyo? Mi naona mbili na zote ziko mahali pake.

Mpambaji wa Ngamiani

Samahani mkuu, nimeanzia katikati kweli.

Unaziona mbili kwa sababu moja ilichorwa upya. Ilipoonyeshwa mwaka 1884 kamba ya bega la kulia ilikuwa imeteleza imeshuka kwenye mkono. Picha ya kamera ya hali ile ya mwanzo ipo, ukiiweka pembeni ya hii ya leo unaona tofauti ni hiyo tu lakini mwanamke anabadilika wote, yule wa kwanza ni kama katoka kucheza sasa hivi, huyu wa sasa kajifunga.

Maonyesho yenyewe yanaitwa Salon, yalikuwa yanafanyika kila mwaka, mwaka ule yalikuwa kwenye jumba la Palais de l'Industrie, Paris nzima inapita hapo, na mchoraji mwenye miaka 28 kama Sargent riziki yake inategemea watu waseme nini. Hakuagizwa kuchora picha hii na hakulipwa na mtu, mwenyewe ndiye aliyemtafuta yule mama kupitia rafiki yao, akasema anataka kuuheshimu uzuri wake. Kwenye orodha ya maonyesho hawakuandika jina, waliandika Madame na nyota tatu, lakini Paris nzima ilimjua.

Siku ya kufunguliwa, rafiki yake Ralph Curtis alikuwepo na aliwaandikia wazazi wake. Anasema alimkuta Sargent anajificha nyuma ya milango asikutane na marafiki waliokuwa na nyuso za msiba. Mbele ya picha kelele kutwa nzima, wanawake wanazomea. Na Curtis mwenyewe, rafiki huyo, alipoiona akaandika kwamba yule mwanamke anaonekana kama ameanza kuoza. Soma tena hilo neno mkuu. Mtu anayeshtushwa na bega haandiki kuoza, hilo ni neno la ngozi.

Jioni mama yake Amélie akaenda studio analia, binti yangu amepotea, Paris yote inamcheka, iondoe. Sargent akakataa. Akasema amemchora vile vile alivyokuwa amevaa. Baada ya maonyesho akairudisha studio, akachukua brashi, akaipandisha kamba mwenyewe.

Fundi Cherehani

Mi ni fundi wa magauni, nimesoma mpaka mwisho na nimeenda kuitafuta picha yenyewe. Niongeze kitu kwa upande wetu sisi wa sindano.

Zile kamba hazishiki kitu. Angalia kifua cha lile gauni, hiyo ni mahameli imekatwa kwa koseti, ndani ina mifupa inayosimama yenyewe, ukiondoa kamba zote mbili gauni linabaki lilipo. Ndiyo maana kwenye ile ya mwanzo kamba imeshuka lakini kifua hakijasogea hata nywele moja. Kamba ni mapambo, ni kama mkufu umewekwa begani. Sketi ya chini ni satini, ona inavyochukua mwanga tofauti na juu, mahameli inakunywa mwanga satini inaurudisha. Ukishona yote satini umepoteza gauni, na wateja ndivyo wanavyotaka kwa sababu mahameli ni joto.

Kwa hiyo waliopiga kelele kwamba gauni linavuka, hawakuwa wanajua nguo. Au walijua.

Mpambaji wa Ngamiani

Kaka fundi umenipa kitu ambacho sikuwa nacho kabisa, ahsante sana. Kumbe kamba ilishuka na hakuna kilichokuwa kinaenda kuvuka! Mteja wangu nitakuletea wewe.

Msomaji wa Usiku

Naomba nipinge kidogo. Dada mwenye uzi unamsifu huyu mchoraji kama vile kamtendea haki, mi naona kamtumia. Yeye ndiye aliyeomba, yeye ndiye aliyechagua kamba ishuke, yeye ndiye aliyeacha sikio uchi kama unavyosema, halafu aibu kaibeba nani? Mama wa watu. Mwenyewe akahamia London akawa tajiri, akachora matajiri wote wa Uingereza na Marekani. Na tena wakati anamchora alikuwa anamsema vibaya kwenye barua.

Mpambaji wa Ngamiani

Hapo sina ubishi mkubwa na wewe, na ndiyo maana jambo lenyewe linaniuma.

Ni kweli alimsema. Majira ya joto ya 1883 alikwenda kukaa nyumbani kwao Gautreau, Paramé, pwani ya Brittany karibu na Saint-Malo, amchore huko. Kutoka huko akaandika kwamba anapigana na uzuri usiochoreka na uvivu usio na dawa wa Madame Gautreau. Mama ana mtoto wa miaka minne, ana wageni, ana nyumba, jamaa anataka asimame tu. Kuna michoro mingi ya penseli na rangi za maji kutoka kipindi kile, kaketi kwenye kochi, kainama, kashika kitabu. Ipo moja ya mafuta, anainua glasi kwenye meza ya chakula, iko jumba la Isabella Stewart Gardner, Boston. Ile naipenda pengine kuliko hii kubwa, kwa sababu pale hajasimamishwa, anafanya kitu chake.

Kuhusu kuhama, alihamia London mwaka 1886, ni kweli, na mwanzoni hakupata wateja wengi, wanawake wa kule waliogopa atawafanya nini. Lakini alipona. Ilipofika 1892 anamchora Lady Agnew, yule wa gauni jeupe na mkanda wa zambarau kiunoni, London yote ikamtaka.

Yeye Amélie je? Watu hupenda kusema alijifungia ndani maisha yote, lakini picha zinasema vingine. Mwaka 1891 akasimama tena achorwe, mchoraji Gustave Courtois, gauni jeupe safari hii, na uso tena kaugeuza pembeni, na kamba ya bega IMESHUKA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Miaka saba baada ya aibu anarudi na kamba ile ile, na safari hii hakuna aliyezomea. Mwaka 1898 akachorwa tena na Antonio de La Gándara, amesimama ametupa mgongo. Mwanamke aliyevunjika harudi mbele ya mchoraji mara mbili. Na hapo ndipo ninapopata nguvu ya kusema shida haikuwa kamba, maana kwa Courtois kamba iko chini na ngozi imechorwa laini ya kawaida, kama ngozi ya mtu, wakaipita.

Bint Bahari

Assalaam aleikum dada. Nimesoma kimya nikaona niulize. Huko kwetu bi harusi anasingwa siku saba, anapakwa liwa, anapakwa hina, anafukizwa udi, na kila mtu anajua kapambwa na ndiyo sifa yake, wanawake wanakuja kumuona kwa sababu kapambwa. Sasa hao Wafaransa walikuwa wanaona aibu gani kama mtu kajipaka? Wao si walikuwa wanapaka wote?

Mpambaji wa Ngamiani

Waaleikum salaam dada yangu. Umegusa penyewe hasa.

Walikuwa wanapaka, lakini mwanamke wa heshima alitakiwa apake kama hakupaka. Poda kidogo, na ukiulizwa umezaliwa hivyo. Aliyejipaka wazi wazi alikuwa mwigizaji wa jukwaani au mwanamke anayelipwa. Amélie alikuwa mke wa mtu wa benki na alijipaka kama msanii anavyopaka ukuta, nywele alitia hina ziwe na wekundu, na kwenye sherehe hakuna aliyemgusa kwa sababu usiku, kwa mwanga wa gesi na mishumaa, ile poda ilikuwa inawaka. Usiku ni kwake. Sargent akamtoa akamtundika ukutani mchana, mwanga wa dirishani, mbele ya maelfu ya watu, na sikio limeachwa. Kama ungemchukua bi harusi wenu siku ya tano ya singo, kabla hajaoshwa, ukamsimamisha sokoni. Alichopakwa ni heshima, ila hapo siyo mahali pake.

Mwana wa Mtaa

Mi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hela ya kukaa Paris tangu mtoto wa miaka minane mpaka akaolewa na mtu wa benki ilitoka wapi kama baba alikufa 1862?

Mpambaji wa Ngamiani

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hili.

Upande wa mama walikuwa na shamba kubwa la miwa Louisiana, linaitwa Parlange, na nyumba yake imesimama mpaka leo. Miwa ile ililimwa na watumwa Waafrika. Baba yake naye alikufa akipigana kwenye jeshi la upande uliotaka utumwa ubaki. Kwa hiyo unapoangalia ule weupe ambao Paris ilikuwa inaushangaa, ujue uliletwa mjini na sukari, na sukari ililetwa na mikono ya watu ambao hakuna aliyewachora wasimame mita mbili ukutani. Sijui nifanye nini na hilo. Picha bado naipenda, na kila nikiikuza nalikumbuka.

Msomaji wa Usiku

Hapo nimekuheshimu. Halafu picha ilifikaje New York? Mume aliinunua?

Mpambaji wa Ngamiani

Hapana, familia haikuitaka kabisa. Sargent alikaa nayo mwenyewe zaidi ya miaka 30, kila studio aliyohamia anaibeba. Amélie akafariki mwaka 1915. Mwanzoni mwa 1916 Sargent akamwandikia mkurugenzi wa Metropolitan kwamba yuko tayari kuiuza, pauni 1,000, na akasema anadhani ni kitu bora kuliko vyote alivyofanya. Akaomba picha isiitwe kwa jina la yule mama, kwa sababu ya ugomvi wao wa zamani. Ndiyo ikaja kuitwa Madame X. Nilipolisoma hili nilikasirika, maana jina lake liliondolewa mara mbili, 1884 kwa nyota tatu na 1916 kwa X.

Halafu kuna picha ya pili ya mkao huu huu, Sargent aliianza hakuimalizia, iko jumba la sanaa la Tate, London, ukubwa karibu sawa na hii, na pale bega la kulia halina kamba kabisa, hakuipaka iliyopanda wala iliyoshuka.

Na kitu kimoja cha wapambaji tena. Wakati anakaribia kuimaliza alikuwa haridhiki, basi siku moja akapiga rangi ya waridi hafifu juu ya ile ya nyuma iliyokuwa na giza, akaigeuza picha miguu juu kichwa chini, akaenda mwisho wa chumba, akainama akaitazama kupitia chini ya kwapa lake. Akaona imekuwa nzuri mno. Mi nina kioo cha mkononi, nikimaliza uso nageuza mgongo namtazama mteja kupitia kioo, kasoro zote zinatoka hapo hapo. Hakuna aliyenifundisha, nilidhani ni wazimu wangu peke yangu.

Fundi Cherehani

Dada mteja wako nimempima jana. Kachagua mahameli, nimemwambia joto akasema atavumilia. Ila ananiambia umemchorea ukuta, ni ukuta gani?

Mpambaji wa Ngamiani

Haha kumbe kasema. Ni hivi kaka fundi, nilikuwa naisoma ile picha kwenye simu, simu yenyewe kama kiganja, nikawa siuelewi ukubwa wake. Inasemwa ni sentimita 208.6 kwa 109.9. Nikachukua futi yangu ya kitambaa na chaki, nikapima kwenye ukuta wa saluni pale nyuma ya kiti cha kuoshea nywele, nikachora fremu. Imefika juu ya mlango. Mteja akaja, nikamwambia hebu simama ndani ya hiyo fremu usimame kama yeye.

Tukaweka stuli iwe meza. Mkono wa kulia akaupeleka kwenye stuli, kiganja kimeshika ukingo, kiwiko umekigeuza ndani kinatazama mbele, jaribuni hapo mlipo muone. Mabega yawe sawa sawa kwetu. Halafu uso, uso tu, uzungushe mpaka kidevu kifike juu ya bega bila kifua kufuata. Shingo ikatoka ule mshipa mrefu ulioko kwenye picha, ule ule, nikapiga makofi. Nikaweka saa ya simu.

Dakika ya pili akaacha kuongea. Dakika ya nne mkono ulianza kutetemeka kuanzia kiwiko, ukaenda mpaka begani. Hajafika ya sita akaniambia dada siwezi, shingo inaungua. Na hapo hana koseti, kavaa dera.

Akaenda kukaa kwenye kiti, anasugua bega, anauliza huyu mwanamke alisimama hivi muda gani? Nikamwambia Brittany majira ya joto mazima, na mchoraji akaandika kwamba ni mvivu.